Uani kwa mama wa Langoni, alikonikataza kuosha nywele kila siku

Kwa miaka minne niliosha nywele zangu kila siku. Naanza na hilo kwa sababu najua hapa Lamu tuko wengi, na sababu zetu ni moja: jua, jasho, ushungi kichwani tangu alfajiri hadi alasiri, na ile haya ya kufikiri kwamba mtu akikukumbatia harusini atasikia harufu ya kichwa chako kabla ya kusikia udi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Darasa lina bati juu, watoto wamebanana, na siku za maleleji, kaskazi imekwisha na kusi haijaingia, hewa husimama kabisa. Nikifika nyumbani saa kumi, kwanza ndoo na sabuni, mwili na kichwa kwa pamoja. Niliamini huo ndio usafi, na asiyefanya hivyo nilimhukumu moyoni.

Nywele zangu ni za kipilipili, nzito, za upande wa mama. Mwaka wa pili zikaanza kukatika. Hazikung'oka na mizizi, zilikatika katikati, vipande vifupi vifupi ninavyovikuta ndani ya ushungi jioni. Pale penye paji pakaanza kuonekana ngozi. Nikaenda saluni moja, sitaitaja na haiko mtaa huu, nikaambiwa kichwa changu hakioshwi vya kutosha. Nikauziwa chupa kubwa ya shampuu kwa shilingi 1,800, nikaagizwa niitumie asubuhi na jioni. Wiki tatu baadaye ngozi ya kichwa ilikuwa ikibanduka magamba, na usiku silali kwa kujikuna.

Wifi yangu ndiye aliyenishika mkono Jumanne moja akanipeleka kwa mama huyu, anayeosha watu vichwa uani kwake. Hana kibao mlangoni wala jina la duka, na mwenyewe hapendi jina lake liandikwe, kwa hivyo nitamwita Mama kama wanavyomwita wote. Ukitoka uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome, shika Usita wa Mui, njia kuu ya mji, uelekee mtaa wa Langoni, pita maduka ya vitambaa, na kabla hujafika upande wa msikiti wa Riyadha ingia kulia, uipe bahari mgongo. Kichochoro ni chembamba, punda mwenye mzigo akija itabidi upande barazani umpishe. Ukiona taulo na leso nyingi zimeanikwa juu ya ukuta wa ua, umefika. Bisha hodi, usingoje mlangoni, maana mlangoni hapasikiki kitu kwa kelele za kata na maji.

Nilipokaa hakunigusa nywele. Aliniuliza, "Mai unayoogea ni ya wapi?"

Nimekaa kwenye viti vya saluni tangu nikiwa msichana, na hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.

Nyumba tuliyopanga ina kisima, na maji yake ni ya chumvi. Ya mfereji, yale yatokayo visima vya Shela, huja kwa zamu nasi huyaweka ya kunywa na kupikia. Ya kuogea yalikuwa ya kisima miaka yote. Mama akaniambia nikamletee chupa ya maji hayo. Niliporudi nayo alichukua chupa mbili za soda zilizo tupu, moja akatia maji ya kwetu, nyingine maji ya mvua kutoka tangi lake. Akakwangua sabuni ya mche kwa kisu, chembe sawasawa kila upande, akafunga, akatikisa. Chupa ya maji ya mvua ilijaa povu mpaka shingoni. Ya kwetu ilifanya utando mweupe uliogandamana kama maziwa yaliyokatika, na povu likafa kabla hajaiweka chini. Alinimiminia kidogo kiganjani. Ule utando ulikuwa na mnato wa nta, niliupangusa kwa leso na bado vidole vikashikana.

"Haya ndiyo yakaayo kitwani mwako," akasema. "Na kila siku waongeza."

Nimesoma baadaye nikaona maneno yake ni kweli tupu. Maji ya visima kama chetu yamebeba chokaa pamoja na chumvi, na sabuni ikikutana na chokaa hugeuka ule utando usioyeyuka. Unaung'ang'ania unywele, unywele unakauka na kukwaruza, ukichana unakatika. Mwenye maji ya namna hii akizidi kuosha kwa sabuni anazidi kujipaka. Na maji matamu ya kisiwa hiki si mengi: mvua hunyesha juu ya matuta ya mchanga ya Shela, ikazama, ikachujika, ikakaa juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi kuliko hayo. Yakivutwa kupita kiasi chumvi hupanda. Ndiyo maana naumia nikisikia mtu anataka kujenga juu ya matuta yale. Yale matuta ndiyo birika letu sote.

Sasa kuoshwa kwenyewe. Unalala chali juu ya ubao mfupi wenye mkeka, shingo imeegemea leso iliyokunjwa mara nne, kichwa kinaning'inia juu ya karai. Nywele huzigawa mafungu manne, kila fungu akalisokota likasimama peke yake. Kisha hupaka mafuta ya nazi, kabla ya maji. Hapo nilishangaa, maana mimi mafuta nilipaka baada ya kuosha. Ila mafuta ya nazi huingia ndani ya unywele, na yakitangulia kabla ya kuosha huuzuia usipoteze protini zake. Jambo hilo lilipimwa maabara na matokeo kuchapishwa mwaka 2003, wakati mabibi zetu walikuwa wakilifanya bila kumwuliza mtu. Mama huyapika mwenyewe. Nazi hukunwa kwa mbuzi, tui zito hulazwa usiku, asubuhi huchemshwa kwa moto mdogo mpaka mafuta yajitenge na mashapo yawe rangi ya kahawa. Ukifika siku ya kupika utaijua harufu tangu kichochoroni.

Halafu mkunazi. Majani hukaushwa kivulini, hutwangwa, huchekechwa kwa kitambaa chepesi. Vijiko vitatu bakulini, maji ya uvuguvugu, akayapiga kwa vidole mpaka yakatoa povu la kijani, dogo dogo, lisilopanda sana. Ni majani yale yale tunayooshea maiti, na najua wako wanaoogopa kuyatia kichwani wakiwa hai. Mimi bibi yangu alituosha kwayo tukiwa watoto, kwa hivyo nilipoyasikia harufu nikajikuta nalengwa na machozi juu ya ubao wa mtu nisiyemjua. Mama hakusema kitu. Alinipangusa kwa ncha ya leso akaendelea.

Vidole vyake hufanya kazi kwenye ngozi tu, fungu kwa fungu, bila kucha. Nywele zenyewe hazifikichi. Povu linaloteremka na maji linazitosha. Husuuza kwa kata ya kifuu, maji ya mvua yakiwepo, yasipokuwepo ya mfereji, na nilihesabu: hazikufika kata 30 kwa kichwa kizima. Mwisho huchana kwa shanuo, nywele bado zimelowa, kuanzia nchani akipanda juu. Kuchana kavu amenikataza.

Nilipomuuliza nirudi lini, nilitazamia aseme kesho kutwa. Akasema, "Baada ya siku saba. Ukiziona zimetulia, kumi."

Nikamwambia nitanuka.

"Kitwa si sahani, mwanangu, hakioshwi kila mlo."

Huyu ni mtu anayeishi kwa kuosha vichwa. Kila kichwa kinachorudi mapema ni pesa mkononi mwake, na bado alinifukuza kwa siku saba. Ndiyo sababu kubwa ya mimi kuandika haya.

Sababu ya siku saba ni umbo la unywele. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake yenyewe. Kwenye nywele za singa mafuta hayo huteremka kwa wepesi, siku mbili tatu nywele zimelowana na kulala. Kwenye za kipilipili yanakutana na mizunguko njia nzima, hayafiki nchani, na kila ukiosha unaondoa hata yale machache yaliyokwisha safiri. American Academy of Dermatology huko Marekani huwashauri wenye nywele kama zangu waoshe mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili, na mwenye singa zenye mafuta mengi wanamruhusu hata kila siku. Kwetu siye jambo hili lina mlango mwingine pia: iko hadithi ya Mtume inayojulikana kwamba ni haki juu ya kila Muislamu, katika kila siku saba, aoge siku moja akioshe kichwa chake na mwili wake. Na Ummu Salama, mkewe Mtume, alipouliza kama afumue misuko yake kwa josho la janaba, lile la faradhi baada ya unyumba, aliambiwa yamtosha kumimina juu ya kichwa mateko matatu ya maji. Nimesoma hayo madrasa nikiwa na miaka kumi. Nilikuwa nikiyajua na siyatumii.

Nyumbani kwangu tofauti hii naiona mezani kila siku. Binti yangu mkubwa kachukua singa za baba yake, mdogo kanifuata mimi. Nilikuwa nikiwaosha pamoja, siku moja, shampuu moja, kwa kuona ndiyo haki baina ya watoto. Mama aliwapa ratiba mbili. Mkubwa, ambaye nywele zake Jumatatu ni safi na Jumatano zimeshikana kwa mafuta, huosha kila siku ya tatu. Mdogo husukwa misuko mipana isiyovuta paji, akaoshwa kila siku ya kumi. Mdogo alidhani ameadhibiwa. Ilibidi Mama amkalishe, amtie unywele mmoja wa dadake na mmoja wake juu ya leso nyeupe, amwonyeshe ule ulionyooka na ule uliojizungusha, amwambie, "Huu wataka kunywa pole pole."

Na jasho? Hilo ndilo swali la kila mwanamke aliyeniuliza, kwa hivyo nitalikalia kidogo. Nikirudi shule sasa navua ushungi, nasuuza kichwa kwa maji matupu kama nimetoka jasho sana, bila sabuni wala chochote, na yawe maji matamu, kata tatu nne zinatosha. Kisha naziacha zikauke kabisa kabla ya kujifunika. Hapa ndipo nilipokuwa nakosea kuliko pote: naosha saa kumi na nusu, nafunga kilemba kikiwa chepechepe, naenda kuswali, narudi kupika, kichwa kinashinda kwenye unyevu mpaka usiku. Ile harufu niliyokuwa nikiikimbia ilitoka humo. Kitambaa chenyewe cha ndani ya ushungi nacho nilikuwa nakifua kwa wiki mara moja; sasa nabadilisha kila siku, na naapa nusu ya tatizo lilikuwa kitambaa.

Mwili ni habari nyingine. Lamu mtu huoga mara mbili, asubuhi na kabla ya magharibi, na kwa joto hili sioni wa kutukataza. Lakini sabuni si lazima ifike kila mahali kila mara. Ngozi ya mtu ina uchachu kidogo, kipimo chake cha pH, ambacho hushuka uchachu ukizidi, ni kama 5, na sabuni ya mche hufika 9 au 10, kwa hivyo ukiisugua mwili mzima mara mbili kwa siku ngozi inakosa kinga yake na kuanza kuwasha. Kwapa, kinena na miguu ndizo zenye haja nayo. Mikono na mgongo maji huwatosha siku nyingi. Tangu nifanye hivyo, ile mikwaruzo myeupe ya miundi niliyokuwa nikiificha kwa mafuta mazito imeondoka. Mume wangu bado anasugua sabuni tangu utosini mpaka unyayoni na simgombezi, yeye ni fundi wa majahazi, ana lami mwilini.

Hata wingi wa maji nimeufikiri upya. Mtume, rehema na amani zimfikie, alikuwa akioga kwa pishi moja ya maji hadi vibaba vitano. Pishi ni kama lita tatu. Nyumba ya bibi yangu Mkomani ilikuwa na birika chooni, ya chokaa, na humo ndani walikaa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa palikuwa na bakuli la kaure lililojengewa sakafuni, ili maji yakipungua samaki wapate pa kuishi. Bibi alituogesha watoto watatu bila kulifikia lile bakuli. Mimi peke yangu nilikuwa namaliza ndoo mbili za lita 20.

Jambo jingine lililonifanya nimwamini Mama ni wale anaowakataa. Alhamisi moja aliletwa mtoto wa kiume mwenye viduara visivyo na nywele kichwani. Mama aliangalia kwa mbali, akamwambia mamake ni mashilingi, ampeleke hospitali, kwamba dawa yake ni ya kumeza kwa wiki kadhaa na ya kupaka peke yake haifiki kwenye mzizi. Kibao alichokalia mtoto kilioshwa kwa maji ya moto. Wa mba anawauliza kwanza: ukiwa mwingi mafuta ya nazi hawapaki, maana kuvu wanaoleta mba hula mafuta, na huwaelekeza dukani kwa shampuu ya ketokonazoli, mara mbili kwa wiki mpaka utulie. Kumbe mwenye mba huosha zaidi, wala si pungufu. Kwa hiyo ratiba yangu usiichukue ukaifuata kichwa kikiwasha. Nimeona pia akirudisha kichanga kilicholetwa kuogeshwa siku ile ile kilipozaliwa. Alisema kingoje siku ipite kwanza, na Shirika la Afya Duniani husema hivyo hivyo, saa 24 angalau.

Sasa kasoro, maana zipo. Ubao ni mgumu na mwenye shingo mbovu atateseka. Foleni haina mpango: anayefika wa kwanza anaweza kupitwa na jirani, na mimi nimeshangoja tangu adhuhuri hadi karibu na magharibi. Wiki ya Maulidi usijaribu, Langoni nzima hujaa wageni na maji humwishia. Unga wa mkunazi usiposuuzwa vizuri hubaki chembe za kijani, siku mbili utazikuta kwenye mto wa kulalia. Mkunazi pia hauna nguvu ya kuondoa mafuta mazito ya kopo. Mwenye kujipaka hayo atahitaji shampuu ya kawaida mara moja kwa mwezi, na Mama mwenyewe hukwambia hivyo ukimuuliza. Chupa zake za mafuta wakati mwingine hazikauki kabla ya kujazwa. Moja niliyonunua ilichacha ndani ya wiki tatu. Nilimrudishia, akanipa nyingine bila maneno, ila afadhali ufungue na kunusa kabla ya kulipa.

Bei: kuosha 300, pamoja na mafuta na kuchana 500, watoto 150. Unga wa mkunazi pakiti ya karatasi ni 100, unatosha vichwa viwili. M-Pesa anapokea. Hufungua baada ya adhuhuri, Ijumaa hafungui. Chukua taulo lako na shanuo lako, la mwenzio hakuruhusu, na kwa ile habari ya mashilingi unajua kwa nini.

Miezi saba imepita. Pale penye paji pameota nywele fupi, laini, zinazosimama ovyo nikivua ushungi, na binti yangu mdogo hupenda kuzipapasa kwa kidole akiwa analala.

Alhamisi watu wote huja kujiandaa na Ijumaa. Nendeni Jumanne.